Timu Saba, Miaka Sita: Acheni Kumcheka Straika wa Begi

Wasee, leo hakuna mzaha. Nisomeni hadi mwisho, halafu mnaweza kunitukana mnavyotaka.

Nianze kwa kukiri. Miezi miwili iliyopita niliposti klipu ya sekunde 40 nikimcheka binamu yangu. Jina lake sikulitaja, lakini Silanga nzima ilimjua. Mechi ilikuwa imeisha, yeye yuko nyuma yangu anapanga viatu kwenye begi, na mimi naiambia kamera: "Oneni straika wa begi. Timu saba, miaka sita. Hata konda wa matatu habadilishi gari hivyo." Ikasambaa. Ilifika Kawangware, ikafika Dandora, na mpaka leo hakuna klipu yangu imetazamwa kuishinda. Komenti zilikuwa kicheko tupu. Mtalii. Kunguru hafugiki. Mtembezi hula miguu yake. Mimi nikanunua bando, nikakaa kitandani, nikajibu moja moja.

Wiki mbili baadaye binamu akaenda majaribio kwa timu fulani. Akacheza siku tatu, akafunga. Siku ya nne kocha akamwita kando, akatoa simu, akamwonyesha klipu yangu. "Huyu si ni wewe? Sisi tunataka mtu wa kukaa." Basi. Akarudi nyumbani.

Hakunipigia kelele. Angenitukana ningepumua. Alikuja kwetu jioni, akanipa bahasha ya kaki iliyojaa makaratasi, akasema, "Kijana, wewe si hupenda kuongea juu yangu? Soma kwanza." Akaenda zake. Nilisoma mpaka stima ikapotea, nikamalizia kwa taa ya simu.

Nilichosoma nitawaambia. Lakini kabla ya hapo nataka tucheze mchezo mdogo niliowachezea wasee kwenye kibanda cha mechi Jumamosi iliyopita.

Niliwasomea orodha ya fowadi mmoja Mkenya bila kutaja jina. 2013, timu moja. 2014, anapelekwa timu nyingine kwa mkopo. 2015, timu ya tatu. 2016, anaenda nje. Mwanzo wa 2017 anahamia bara lingine, nafasi inakuwa finyu, na kabla mwaka kuisha anapelekwa kwa mkopo tena, nchi nyingine. 2018 anahama tena, na hiyo timu mpya inashuka daraja mwaka huo huo. Timu saba, miaka sita. Nikawauliza: huyu mnampa nini?

"Takataka." "Hasara." Mmoja akasema huyo lazima ana shida ya chupa.

Huyo ni Michael Olunga.

Kibanda kikanyamaza. Tusker, Thika United, Gor Mahia, Djurgården ya Sweden, Guizhou Zhicheng ya China, Girona ya Uhispania, Kashiwa Reysol ya Japani. Hesabuni wenyewe kwa vidole. Mwaka 2015 akiwa Gor alifunga mabao 19, Gor ikachukua ligi bila kupoteza mechi hata moja, na bado hakuwa mfungaji bora wa ligi. Huyo alikuwa Jesse Were wa Tusker. Kule China, ligi ilipunguza idadi ya wageni wanaoruhusiwa kucheza karibu tu na wakati anaingia. Girona akaonekana kwa nadra, lakini tarehe 13 Januari 2018 akafunga matatu dhidi ya Las Palmas kwenye ushindi wa 6-0. Kashiwa iliposhuka angeweza kukimbia. Alishuka nayo. Novemba 2019, mechi ya mwisho ya daraja la pili, akafunga mabao manane kwenye mechi moja, Kashiwa 13, Kyoto 1. Wakapanda, na 2020 akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japani.

Sai kila mtu anamwita Engineer na kujifanya alimjua tangu mwanzo. Lakini mwisho wa 2018, ukimpima kwa kile kipimo chetu cha kibandani, alikuwa straika wa begi kama binamu yangu. Timu saba, miaka sita, sawa kabisa.

Kabla hamjaanza: sisemi binamu yangu ni Olunga aliyefichwa. Si yeye. Anajua, mimi najua, na goti lake linajua. Ninachosema ni kwamba idadi ya timu haikuambii chochote kuhusu mchezaji. Inakuambia kuhusu timu. Na sisi tumekuwa tukiisoma kinyume.

Sasa bahasha.

Timu ya kwanza, 2019. Kandarasi ya miezi tisa, shilingi 12,000 kwa mwezi. Alilipwa miezi miwili. Hiyo mingine saba aliambiwa "tuvumiliane, sisi ni familia".

Timu ya pili, 2020. Corona ikaingia Machi, mpira ukasimama, kandarasi ikaisha kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja. Nimeuona. Haukuwa hata na asante.

Timu ya tatu, 2021. Alianza vizuri. Kocha akafutwa, akaja mwingine na mafowadi wake wawili. Binamu akakaa benchi mpaka msimu ukaisha.

Timu ya nne, 2022. Goti. Aliumia akiwa na jezi yao, kwenye mechi yao, na wakamwambia akatibiwe nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja hapa Silanga, upande wa bwawa. Aliyelipa ni chama cha mama mdogo, akina mama kumi na wawili wanaochanga mia mia.

Timu ya tano. Hapa ndipo nilipofunga karatasi nikatoka nje kidogo. Kuna jamaa alijiita ajenti. Akasema amemtafutia timu nchi jirani, alipwe 90,000 za "kushughulikia". Mama mdogo akauza stoki yake yote ya mitumba. Binamu akafika kwa basi, akakuta timu ipo kweli, lakini jina lake hawajawahi kulisikia. Wakamwonea huruma wakamsajili. Alicheza miezi mitano, akalipwa miwili, akarudi kwa basi vilevile. Simu ya ajenti haijawahi kushikwa tena.

Timu ya sita, 2023. Hii ilimlipa. Kila tarehe 5, kwa M-Pesa, bila kukumbushwa. Akafunga mabao 11. Unaona vile mtu akilipwa anacheza? Mwisho wa msimu wenye timu wakauza nafasi yao ya ligi kwa watu wengine. Wapya wakaja na wachezaji wao.

Timu ya saba, 2024. Miezi minne bila senti. Akaandika barua ya heshima kabisa, nakala ninayo. Akaambiwa yeye ni mkorofi, anachochea wenzake. Hiyo ndiyo timu pekee kati ya zote saba ambayo yeye mwenyewe aliamua kuondoka.

Moja tu. Sita zilimwacha yeye. Lakini kwenye klipu yangu ni yeye aliyekuwa kunguru.

Kuna mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Sawa, tuache binamu. Tuangalie mambo ambayo kila mtu aliyaona. Aprili 2017 SuperSport ikavunja mkataba wa kuonyesha ligi yetu, na pesa ya runinga ikaenda nayo. 2019 SportPesa ikaondoa udhamini, ikaacha ligi, Gor na Leopards kwa wakati mmoja. Msimu huo huo Sony Sugar ikashindwa kufika kwa mechi tatu, ikafukuzwa ligi. 2020 ikaja BetKing, na 2021 ikaondoka. Aprili 2021 Zoo ya Kericho ikatolewa kwa kesi ya upangaji wa matokeo, na wachezaji ambao hawakupanga chochote wakajikuta hawana timu. Novemba 2021 serikali ikavunja uongozi wa shirikisho, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya mpaka Novemba.

Weka kijana wa miaka 20 katikati ya hiyo miaka mitano, umpe viatu, umwambie "kaa pahali pamoja, uwe mwaminifu". Akae wapi? Pahali penyewe hapakai.

Na fowadi ndiye huumia zaidi. Beki akicheza vibaya mechi tatu watu watasema kipa ndiye mbovu. Kiungo anaweza kupiga pasi za nyuma msimu mzima na akaitwa mtulivu. Straika ana kazi moja inayoonekana na kila mtu, hata nyanya asiyejua mpira. Mechi tano bila bao, anakuwa wa kwanza kuuzwa, kutolewa kwa mkopo au kuambiwa "tutakupigia". Na timu ikiwa taabani, cha kwanza kutafutwa ni straika mpya. Kwa hivyo soko lake linazunguka haraka kuliko la wenzake. Hiyo si tabia yake. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Sasa niulize swali la mtaani. Kila siku saa kumi na moja asubuhi wanaume wa hapa kwetu wanatoka kwa miguu kwenda Industrial Area kutafuta kibarua. Leo godauni hili, kesho kiwanda kile. Fundi wa mjengo anajenga Kilimani mwezi huu, mwezi ujao Syokimau, mwaka ujao Ruaka. Mama fua ana nyumba nne tofauti kwa wiki. Umewahi kumwita yeyote kati yao kunguru? Umewahi kumwambia fundi, "Wewe huna mapenzi na ghorofa"? Hapana. Unasema, huyo anajitafutia. Ila akivaa viatu vya mpira, ghafla kutafuta kazi kunakuwa aibu.

Na wewe unayemcheka, hebu fungua simu nione mkeka wako wa Jumamosi. Wiki hii umeweka pesa kwa timu ya Ugiriki, wiki ijayo ya Uturuki, timu ambazo hata jina huwezi kutamka. Unabadilisha timu kumi na nne kwa siku moja ukitafuta mia tano, na unamkasirikia mtu aliyebadilisha saba kwa miaka sita akitafuta kodi ya nyumba.

Najua jibu lenu. "Mpira si kibarua, mpira ni mapenzi ya jezi." Nimelisikia tangu nikiwa mdogo. Basi tuongee kuhusu mapenzi.

Mapenzi ya jezi ni yangu na yako, sisi mashabiki. Ni haki yetu. Mimi timu yangu sitaiacha hata ikishuka mpaka ligi ya kaunti. Lakini mimi jezi hainilipi, na hainivunji goti. Mchezaji anaipa jezi kitu kimoja alicho nacho, mwili wake, na mwili huo una miaka kumi hivi ya kuuzika, ukibahatika. Mtu hukaa panapomtunza. Dennis Oliech, kijana wa Mathare United, alipita Qatar, akapita Nantes, kisha akafika Auxerre mwaka 2007 na akakaa mpaka 2013. Miaka sita, mpaka akacheza kundi moja na Real Madrid na AC Milan kwenye Ligi ya Mabingwa. Hakugeuka kuwa mwaminifu siku aliyotua Ufaransa. Alipata pahali ambapo mtu anaweza kukaa. Uaminifu bila mshahara ni utumwa uliovishwa jezi.

Halafu kuna Allan Wanga. Vijana wadogo hapa hawamjui vizuri na hiyo ni hasara yenu. Fowadi wa Harambee Stars. Hakuwahi kucheza Uhispania, hakuna klipu yake inayozunguka kila wikendi. Lakini angalia begi lake: Petro Atlético kule Luanda, FK Baku kule Azerbaijan, Al-Merrikh ya Sudan, Azam ya Dar es Salaam, na hapa nyumbani Tusker, Sofapaka, AFC Leopards, Kakamega Homeboyz. Huyu alifunga mabao mbele ya mashabiki wa lugha tano au sita. Na alipokuwa anamalizia mpira na Homeboyz, alikuwa pia na kazi ya kusimamia michezo katika kaunti ya Kakamega. Asubuhi ofisi, jioni uwanja.

Kwangu mimi huyo ndiye mchezaji wa kuonyeshwa watoto wa uwanja wa Silanga. Tunawaonyesha Wanyama na Olunga peke yao, na kwa kila mmoja wao kuna maelfu ambao hawatafika huko. Wale maelfu tukiwaambia kuna kufika Ulaya au kuna kufeli, hakuna katikati, tutawapoteza. Wanga ni katikati. Katikati kuna nyumba inayojengwa, kuna ada inayolipwa, kuna mtu anayestaafu akiwa na kitu cha kufanya. Wahenga wanaojua ile ya mtembezi kula miguu yake walisema pia mkaa bure si sawa na mtembea bure. Sisi tumekariri methali moja tukaisahau nyingine.

Nisiwe mnafiki. Wapo wahamaji ambao kweli ni wavivu. Wapo wanaosaini leo, wanachukua pesa ya kusaini, na kesho hawaonekani mazoezini. Wapo wa chupa, wapo wa mkeka. Nawajua wawili kwa jina na nyinyi mnawajua. Lakini huwezi kumtofautisha mvivu na mtafutaji kwa kuhesabu timu. Lazima uulize swali moja ambalo mimi sikuuliza kabla ya kuposti: walikulipa?

Hilo tu. Mtu akikuambia ametoka timu fulani, usiulize "umefukuzwa?" Uliza "walikulipa?" Utashangaa mazungumzo yatakavyobadilika. Yule wa kuona aibu atakuwa mwingine.

Ndiyo sababu naandika kwa hasira. Mwenye timu ambaye hajalipa vijana miezi minne anapenda sana kicheko chetu. Kinamfanyia kazi bure. Kijana akidai, anaitwa mkorofi. Akiondoka, anaitwa kunguru. Sisi mashabiki, vijana wenzake wa mtaani, ndio tunaompigia huyo mwenye timu ulinzi, na hatulipwi hata chai. Mimi nilifanya hiyo kazi kwa sekunde 40 na nikamgharimu binamu yangu kandarasi. Ya 20,000 kwa mwezi. Aliniambia alipokuja kuchukua bahasha, bila kunikodolea macho.

Kwa hivyo wacha nilipe deni kidogo kwa yale niliyojifunza nikijaribu kuelewa hizo karatasi. Wewe unayecheza, au una ndugu anayecheza, hifadhi hii.

Moja. Sheria za FIFA, tangu 2018, zinasema klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili bila sababu ya haki, una sababu halali ya kuvunja kandarasi. Lakini lazima kwanza uwaandikie ukiwadai na uwape angalau siku 15 walipe. Uwaandikie. Siyo kulalamika kwa mlinzi wa geti. Binamu yangu aliandika barua bila kujua hiyo sheria, na hakuweka hata tarehe ya mwisho. Ukiondoka kabla ya kuandika, mkosaji unaweza kuwa wewe.

Mbili. Usisaini karatasi usiyopewa nakala. Weka kila ujumbe, weka taarifa ya M-Pesa. Ile ya timu ya sita inaonyesha malipo kila tarehe 5, na ile ya timu ya saba inaonyesha ukimya. Huo ukimya ni ushahidi.

Tatu. Ajenti wa kweli siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA, na kuipata hufanya mtihani. Mwambie akuonyeshe. Ujira wake hutoka kwa kandarasi ikishasainiwa. Anayetaka 90,000 kabla hujaona timu anataka mitumba ya mama yako. Na kama hujafika miaka 18, sheria inakataza kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Anayekuambia "hiyo tutapanga" anakupanga wewe.

Nne. Wachezaji wana chama chao hapa Kenya, KEFWA. Jiunge kabla hujaumia, siyo baada.

Tano, na hii ni ya makocha wetu wa mtaani wanaofundisha watoto bure na filimbi ya shilingi hamsini. Mchezaji akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine kandarasi yake ikiwa bado hai, 5% ya hiyo bei hukatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Piga hesabu: bei ikiwa shilingi milioni 20, 5% ni milioni moja. Klabu iliyomlea kutoka miaka 12 mpaka 15 inapata 0.25% ya bei kwa kila mwaka, jumla laki mbili. Hizo ni nyavu, ni mipira, ni viatu vya timu nzima. Na akinunuliwa tena kwa njia hiyo, mnapata tena. Lakini lazima klabu yenu iwe imesajiliwa na mtoto awe ameandikishwa kwenu. Daftari la mkono halihesabiki. Sasa ona tunavyojicheka wenyewe: kila straika wa begi anaponunuliwa nje, uwanja uliomlea unapaswa kulipwa. Tungekuwa na akili tungeshangilia kila safari.

Kuna wadogo wanacheza pale uwanjani kila jioni mpaka mpira usionekane. Wanaruka mtaro wakiufuata. Walimwona binamu yangu akichekwa, na walinisikia mimi nikicheka. Mmoja wao, wa miaka kumi na tatu hivi, mguu wa kushoto hatari, aliniuliza wiki jana, "Si bora nikae tu timu ya hapa, nisiitwe begi?" Nilikosa jibu. Hiyo ndiyo hasara ya klipu yangu, kubwa kuliko ile 20,000. Nilimfundisha mtoto kuogopa kutoka.

Klipu nimeifuta, lakini kufuta ni rahisi, na tayari iko kwenye simu za watu. Ndiyo maana naandika hapa, kwa jina langu, mahali pale pale nilipomchekea. Nimemwandikia pia yule kocha nikimweleza yaliyo kwenye bahasha, kwa ruhusa ya mwenye bahasha. Hajajibu. Ni sawa, hana deni langu.

Lakini Ijumaa timu nyingine ilimpigia binamu simu. Ligi ya chini, mji wa mbali kidogo, mshahara mdogo. Mara hii aliomba nakala ya kandarasi kabla ya kusaini, akaniletea tuisome pamoja, mstari kwa mstari, kwenye kibanda cha chapo madondo. Kuna kifungu kuhusu matibabu alikikataa. Walikibadilisha.

Jana asubuhi nilimbebea lile begi kutoka Silanga mpaka barabarani Mbagathi. Ni zito kuliko nilivyodhani. Jozi mbili za viatu, bandeji ya goti, bahasha ya kaki chini kabisa. Matatu ilipokuja akalichukua, akaniambia, "Sasa enda ukaandike ni timu ya nane."

Nimeandika.